Herufi Ishirini na Tano

Nyumbani, 9 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua hupendi nikuamkie, ulikuwa unasema nakuzeesha bure, ila kwenye karatasi sijui pa kuanzia pengine.

Huku tu wazima. Baba bado anakohoa vumbi la sponji na bado hataki kufunika pua. Mama akimsema anajibu kwamba fundi wa makochi asiyekohoa hajafanya kazi. Mama naye hainui kichwa kwenye cherehani, kuna ofisi imeleta viti ishirini na sita vibadilishwe kitambaa, na mwenye ofisi hupita kila siku kuuliza, "Bado tu?" Baba humjibu, "Bado, mheshimiwa, kaa kwenye hicho kibovu usubiri." Kitanda chako kimejaa majora ya vitambaa mpaka karibu na dari, lakini upande wa mto Mama hajaweka kitu. Nimeuangalia sana upande huo.

Anwani yako nimeipata nyuma ya bahasha uliyomletea Mama. Barua yenyewe aliisoma amesimama, akaikunja, akaificha kwenye kopo la bobini. Sikuisoma. Ila anwani niliinakili alipotoka kwenda kupima viti. Kwa hiyo nimeanza na wizi. Nivumilie, kuna mwingine nyuma yake.

Simu yako haipatikani. Hata kama ingepatikana, unanijua, ningepiga nikakata kabla hujaitikia. Shuleni nimepandishwa kidato na bado mwalimu akiniita nisimame ulimi unakuwa mzito kama godoro lililolowa. Hakuna tena wa kunitengenezea kisanduku.

Unakikumbuka? Bila shaka, wewe ndiye uliyekitengeneza. Mchezo wako wa karata, madirisha mawili kwenye kompyuta moja, lako na langu. Mmoja akicheza, mwingine anageukia ukuta asione. Na chini ya karata ukaweka kisanduku cha kuandikiana, kwa sababu ulisema mdomo wangu una kufuli lakini vidole havina. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega tunaandikiana kama watu walio nchi mbili. Mama akipita na mikasi shingoni anasema, "Hawa watoto wamegombana au wanapendana? Sielewi." Na mchana wote hakuna aliyetamka neno.

Kompyuta bado ipo. Nimeifunika na kile kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye kochi la daktari. Huwa naiwasha Jumamosi. Nafungua madirisha yote mawili na kucheza peke yangu, na zamu yako ikifika nageukia ukuta, sijui kwa nini.

Kuna jambo nataka kukwambia. Nilidhani nitaliandika leo lakini karatasi imeniishia.

Mdogo wako,
Sindano

*

Bwenini, 2 Machi

Sindano wee,

Marahaba, na uzee umeshaniingia hapo hapo. Barua yako imechukua siku kumi na tano kufika, pembe moja imeloa, lakini imesomeka.

Mimi mzima. Nafanya kazi kwenye ghala la baridi. Ni chumba kikubwa kuliko shule yako, kimejaa maboksi ya mboga zilizogandishwa, na joto lake ni digrii kumi na nane chini ya sifuri. Tunavaa makoti manene mpaka mtu hawezi kujikuna. Dakika arobaini ndani, dakika kumi nje, mlango unalia kengele kila ukifunguka. Huko ndani ukipumua unaona pumzi yako mwenyewe imesimama mbele yako. Simu haziruhusiwi, zinakufa kwa baridi. Yangu nilishaiuza.

Bwenini tuko wanane. Saba wanazungumza lugha moja ambayo siijui, wa nane ni mimi. Watu wazuri. Wakicheka nami nacheka.

Mwambie Baba afunike pua. Usimwambie nimesema mimi.

Usiniulize nitarudi lini. Hukuniuliza, najua, lakini barua yako yote imekaa mkao wa kuuliza. Kuna watu huona jambo, wakalijua vizuri kabisa, wakanyamaza. Sikulaumu. Nasema tu kwamba na mimi nimejifunza kunyamaza.

Jambo lako liandike. Karatasi haziishi.

Kaka

*

Nyumbani, 20 Machi

Kaka,

Salamu zako nimezifikisha bila kusema ni zako. Nilimwambia Baba, "Afadhali ufunike pua." Akaacha kugonga nyundo, akanitazama, akasema, "Leo umeongea! Basi nafunika." Amefunika mpaka leo. Mama anapiga pasi mapazia ya kanisa la jirani, viti vya ofisi vimebaki tisa, nami nina mtihani wa hesabu Jumatatu, siuogopi.

Haya. Nimepiga moyo konde.

Nilikuwa nakuibia kwenye karata.

Naliandika kwa lugha ya nyumbani kwa sababu kwa lugha ya shule lingeonekana la kitaalamu, kama insha ya kupewa alama. Kitabu nilichojifunzia kilikuwa cha lugha ya shule. Ilikuwa sura ya kumi na moja, na kichwa chake kilisema jinsi programu moja inavyoweza kusoma kumbukumbu ya programu nyingine. Nilikisoma nimejifungia bafuni mpaka Mama akagonga, "Kuna mtu amefia humo?"

Unajua haya kuliko mimi, lakini acha nieleze ili ujue kwamba sikubahatisha. Kila programu inayotembea ina chumba chake cha kumbukumbu, na haioni cha jirani. Lakini mfumo unaoendesha kompyuta una funguo za vyumba vyote. Kila programu ina namba. Unautajia mfumo namba ya ile unayoitaka, unaomba ruhusa ya kusoma tu, siyo kugusa, na kama zote mbili zimefunguliwa na mtu mmoja, unaruhusiwa. Sisi sote tulikuwa tunaingia kwa jina la Baba. Kwa macho ya kompyuta, mimi na wewe tulikuwa mtu mmoja.

Kupata karata zako zilipo kulinichukua wiki tatu. Ulipokuwa na karata saba nilitafuta saba chumbani mwako mote, nikapata mahali elfu kadhaa. Ukaokota moja. Nikaangalia mahali pale pale, pangapi sasa pana nane? Pakabaki mia na kitu. Ukatupa mbili. Sita? Pakabaki panne. Ukaokota tena, pakabaki mahali pamoja tu. Hapo ndipo, Kaka, ilipokuwa idadi ya karata zako, na karata zenyewe zikafuata, moja baada ya nyingine. Saba ya kopa. Mzee wa jembe. Wewe umegeukia ukuta, unapiga mluzi, hujui kitu.

Programu yangu niliiita "hesabu" ili isitiliwe shaka.

Sasa sehemu mbaya zaidi. Ulidhani ukinifunga ni kwa akili zako. Ukishindwa mara tatu mfululizo ulikuwa unazima kompyuta na kutoka nje, na mimi nabaki na ukuta. Kwa hiyo nilikuwa nachungulia karata zako ili nijue jinsi ya kushindwa. Kidogo tu, ili usichoke. Zile mechi mia na zaidi ulizonifunga, nyingi nilikufungulia mlango.

Nisamehe. Au nicheke. Chochote, ila usinyamaze.

Sindano

*

Bwenini, 28 Aprili

Sindano,

Natumai mtihani umeupasua. Samahani kwa kuchelewa. Walitubadilishia zamu, halafu nikaumwa kifua, halafu sikuwa na stempu, halafu nilikuwa nazo nikakaa nazo.

Nimecheka. Nilikuwa nasoma kwenye zile dakika kumi za nje, nikacheka mpaka msimamizi akaja kunitazama usoni. Nikamwonyesha barua, akaigeuza juu chini, akanirudishia. Hapa sina wa kumsimulia. Nilijaribu kumweleza jirani yangu wa kitanda kwa vidole: dada, karata, jicho. Akanipa pole. Nadhani ameelewa kwamba dada yangu ana ugonjwa wa macho.

Ati ulinifungulia mlango. Mechi mia! Na mimi nilivyokuwa natembea kifua mbele hapo nyumbani.

Sasa nina swali, na nataka ulijibu wazi kama ulivyoandika lile la karata. Kumbukumbu ya mchezo ule niliipanga mimi. Karata zimekaa wapi najua, na kitu gani kimekaa ubavuni mwake najua pia.

Ulisoma karata tu?

Mimi sijambo.

Kaka

*

Nyumbani, 15 Mei

Kaka,

Wazima wote. Baba, Mama, cherehani. Viti vya ofisi vimeisha na vimechukuliwa, karakana imekuwa kubwa ghafla, tukisema neno linarudi. Nimekuwa wa pili kwa hesabu. Sina habari nyingine za kujificha nyuma yake.

Sikusoma karata tu.

Karata zilihitaji baiti hamsini na mbili, yaani vijumba vya kumbukumbu, kimoja kwa kila karata. Mimi niliomba mia mbili. Mwanzoni ilikuwa uvivu wa kuhesabu, baadaye haikuwa uvivu. Kisanduku chako cha kuandikia kilikuwa ubavuni mwa karata, na wewe, Kaka, ulivyouandika mchezo wako, mtu akifuta ujumbe kabla ya kuutuma, herufi hazifutwi. Kinachobadilika ni namba moja inayosema ujumbe una urefu gani. Inakuwa sifuri, dirisha linaonekana jeupe, lakini herufi zenyewe zimekaa pale pale mpaka nyingine zije zizikalie. Na zikija chache, mkia wa zile za zamani unabaki.

Kwa hiyo nilikuwa naona ulichoandika ukaghairi. Mara nyingi yalikuwa matusi ya utani. Mara moja ulikuwa umeandika kwamba una usingizi na huna raha. Mara moja, kwamba chuo wamelifuta jina lako na kila asubuhi unabeba mkoba kwenda kukaa maktaba ya mtaa. Hukuutuma ujumbe huo. Wewe ulikuwa ukirudi jioni Baba anauliza, "Mhandisi, leo wamekufundisha nini?" na wewe unamtungia somo zima, na mimi nipo hapo nashika sahani.

Halafu ile Jumanne ya Oktoba. Shule ilikuwa imefungwa. Ulicheza, ukaniita kwa kunigonga bega, ukageukia ukuta. Nikakaa. Kwenye programu yangu kisanduku chako kilisomeka hivi, nakunakilia kama kilivyokuwa:

Zamu yako. Usinichungulielhamisi naondoka, basi la saa nne. Baba asijue.

Ule mwanzo, zamu yako, usinichungulie, ndio ulionitumia. Ulikuwepo hata dirishani kwangu. Mkia hukunitumia.

Nilikuwa na siku mbili. Ningesema ungeniuliza nimejuaje. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na ni ya aibu, sitaipamba. Sababu ya pili ni kwamba ulisema Baba asijue, nami nikaona kazi yangu ni hiyo, Baba asijue. Nikaifanya vizuri.

Alhamisi nilikuwa namshikia Baba kitambaa cha kochi la watu watatu, yeye anagonga misumari. Ukaja ukasimama mlangoni na mkoba wa chuo, ulikuwa umetuna. "Haya, naenda." Baba alikuwa na misumari mdomoni, akainua mkono tu. Mimi nikaangalia kitambaa. Kilikuwa na mistari ya bluu, kila baada ya minne mmoja mwembamba. Ulisimama muda mrefu kuliko mtu anayekwenda chuo. Nilijua. Nikahesabu mistari mpaka mlango ukafungwa.

Basi ndiyo hivyo. Ulisema kuna watu huona jambo wakanyamaza. Ni mimi.

Sindano

*

Nyumbani, 30 Juni

Kaka,

Sijui kama barua yangu ya Mei ilifika. Nimehesabu siku za kwenda na za kurudi, nikaongeza za kuumwa kifua, nikaongeza za kukosa stempu. Zimepita.

Mama mzima. Kikohozi cha Baba kimepungua tangu afunike pua, lakini mgongo umeanza. Jana alijaribu kugeuza kochi peke yake likamshinda, akakaa juu yake akajifanya anapima sponji.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye stuli, naokota misumari. Nikasema. Sikupanga. Nikasema kwa mdomo, "Baba, mimi nilijua Kaka anaondoka. Nilijua tangu Jumanne. Nilijua na ya chuo." Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, kama ya mtu anayeita ng'ambo ya barabara.

Mama akasimamisha cherehani.

Baba hakuniuliza nimejuaje. Nilikuwa nimeandaa maelezo yote ya kumbukumbu na funguo, hakuyahitaji. Alishusha kile kitambaa cha pua. Nikadhani sasa ananipiga. Halafu akasema, "Asubuhi ile alikula kabla ya kutoka?"

Nikamwambia, chai, na mkate nusu.

"Nusu," akasema.

Kisha Mama akakanyaga cherehani tena, lakini hapakuwa na kitambaa chini ya sindano. Nilisikia ikishona hewa.

Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi. Hata mstari mmoja. Jumamosi nawasha kompyuta, nasoma chumba chako cha kumbukumbu, na ni sifuri tupu, kwa sababu hakuna aliyeandika kitu humo.

Sindano

*

Bwenini, 19 Julai

Sindano,

Natumai mgongo wa Baba una nafuu, na kwamba Mama anashona kitambaa cha kweli.

Barua ya Mei ilifika. Niliisoma nikaiweka chini ya godoro, na nilikasirika, tena sana, sitakuficha. Nikaanza kukujibu mara nne. Zote nimechana. Mojawapo ilikuwa na maneno ambayo mtu hapaswi kumwandikia dada yake.

Sasa acha nikueleze, halafu utaona nilikasirika kwa kosa la nani.

Nilijua unachungulia. Nilijua tangu Agosti ya mwaka ule. Siku moja kompyuta ilikuwa nzito, nikafungua orodha ya programu zinazotembea, nikakuta moja inaitwa "hesabu". Nikajiuliza, huyu mtoto anafanya hesabu gani wakati anacheza karata? Halafu ukatupa mzee wa jembe mahali ambapo hata kipofu asingemtupa, nikashindwa kushindwa. Nikaelewa. Sikusema. Niliona ni upole wako, nikaupokea. Kwa hiyo zile mechi mia, baadhi nilijua umenipa.

Na nilijua kisanduku kiko ubavuni mwa karata. Yale ya usingizi, yale ya chuo, niliyaandika nikayafuta makusudi. Sikuwa na ujasiri wa kuyatuma na sikuwa na nguvu ya kukaa nayo peke yangu. Nikawa nayaacha pale, nikijua ukikaa utayaona. Ukiyaona, utasema kitu. Hukusema. Nikajiambia, hana la kusema bado, nitangoja.

Jumanne ile niliandika ya mwisho. Wewe umegeukia ukuta, unachokoa rangi kwa ukucha. Nikaandika, nikafuta, nikakuachia. Kisha nikaona aibu kukuita bila neno lolote dirishani, nikatuma utani.

Alhamisi nilisimama mlangoni. Ulikuwa unaangalia kitambaa. Nilifika kituoni saa tatu na nusu, nikakaa kwenye benchi la chuma mbele ya dirisha la tiketi. Basi la saa nne likaondoka. Nikamwambia mkata tiketi tumbo linaniuma, anibadilishie la saa sita. La saa sita likaondoka. Akasema, "Kijana, tumbo lako linamsubiri nani?" La saa nane nikapanda. Njia nzima nilikuwa najisemea, ameona, na hakuja. Mwaka na miezi tisa nimekuwa nikilala na sentensi hiyo. Ndiyo maana nikauza simu, ndiyo maana sikukuandikia wewe nikamwandikia Mama.

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya ghala, nahesabu maboksi. Yanapangwa tabaka juu ya tabaka na jipya hufunika la zamani, na ukitaka kujua kilicho chini unatazama mwisho wa safu, pale ambapo la juu limeishia. Nikasimama. Nilikuwa nimeisoma barua yako mara ngapi sijui, na ile "Usinichungulielhamisi" nilidhani ni haraka ya kalamu yako. Kengele ya mlango ikalia, wenzangu wakanisukuma nitoke kabla sijaganda.

Nimekaa kitandani nikahesabu kwa vidole. Tazama. Huu ndio utani niliokutumia:

Zamu yako. Usinichungulie

Na huu ndio mwanzo wa nilichoandika kabla yake, mahali pale pale:

Sindano niambie nibaki. A

Ishirini na tano kwa ishirini na tano. Hiyo A ni ya Alhamisi. Mimi niliyeandika mchezo, niliyejua kwamba herufi mpya huzikalia za zamani, mimi niliyekuachia ujumbe kwa kutegemea hilo hilo, sikuhesabu. Nilikuomba unizuie, halafu nikaliziba ombi kwa mkono wangu mwenyewe, nikakuachia ratiba ya basi na amri ya kunyamaza.

Na wewe ukatii.

Sina cha kukusamehe. Wenzangu wa bwenini wameniona nalia, wameniletea chai, wanadhani nimefiwa. Sijui niwaeleze kwa vidole gani.

Sijui pia kama mtu ana haki ya kuuliza swali lile lile mara ya pili. Nimeandika hapa chini kisha nimekata kwa kalamu. Usijisumbue kuinua karatasi kwenye mwanga.

Kaka

*

Nyumbani, 5 Agosti

Baki.

Najua ulishaondoka, najua hata basi lenyewe huenda limeshauzwa chuma chakavu. Najibu swali lilivyoulizwa kwanza, ndipo nisalimie. Kaka, baki. Usipande la saa nne, wala la saa sita, wala la saa nane.

Shikamoo.

Karatasi niliiinua kwenye mwanga. Ulitegemea nini? Umekata mara tatu lakini kalamu yako ni nyeusi na wino wa chini ni wa bluu. Nimesoma yote. Jibu ni ndiyo, upande wa mto uko wazi, na majora mengine nitayahamishia chumbani kwangu.

Barua yako nimewasomea Baba na Mama, kwa sauti, nimesimama. Ilinichukua muda. Pale kwenye mistari miwili Baba akasema, "Ngoja, ngoja, sielewi." Nikaandika ule utani wako kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Akachukua misumari akaweka mmoja chini ya kila herufi, na penye nafasi mmoja, na penye nukta mmoja, mpaka ishirini na tano. Kisha nikafuta na kitambaa, nikaandika ule mwingine juu ya misumari ile ile. Alipitisha kidole msumari kwa msumari. Alipofika kwenye "nibaki" akasimama hapo.

"Na huyu naye," akasema, "kwa nini hakutamka tu?"

Mama akamjibu, "Katoka kwa nani?"

Baba akaanza kuokota misumari. Baadaye nilipokuwa nafunga bahasha hii akaja akasimama nyuma yangu, akasema, "Mwandikie kwamba makochi ya watu watatu siyawezi peke yangu." Nikamuuliza, niandike hivyo tu? Akasema, "Hivyo tu. Na mwambie chuo hakina miguu ya kochi." Sijui maana yake. Naye sidhani kama anajua, lakini alikuwa anataka kusema kitu.

Shule inafungwa tarehe ishirini. Kuanzia hapo kila Alhamisi nitakuwa kwenye lile benchi la chuma mbele ya dirisha la tiketi, tangu saa nne mpaka la saa nane liondoke, kama ulivyonisubiri wewe. Mkata tiketi akiniuliza namsubiri nani, nitamwambia. Nimeanza kujizoeza mbele ya kioo cha Mama.

Usiponijibu barua hii nitakwenda hivyo hivyo.

Sitabeba karatasi wala kalamu.

Sindano